Mgongo wa Komeo

Miaka kumi na mmoja niliutazama mgongo wake.
Uso waliujua mkewe na mastraika wa timu ngeni.
Mimi kipa nilipewa upande wa nyuma:
namba tano iliyoshonewa uzi wa mkonge
maana mkia wake ulibanduka kila Jumamosi,
na jasho lililoanza mabegani, likateremka,
dakika ya sabini likafika kiunoni.
Saa sikuwa nayo. Nilisoma mgongo.

Jina lake Shekuwe. Uwanjani, Komeo.
Asubuhi alipanga marobota ya katani kiwandani,
saa tisa na nusu akavua gambuti, akavaa njumu,
na kazi, aliniambia, ni ileile:
kuzuia kitu kizito kisimwangukie mwenzio.

Hakuna aliyelipa kiingilio Mkwakwani kuja kumwona yeye.
Walimfuata Mwinchande, winga wetu,
aliyechana nywele hata mpira ukichezwa.
Akifunga, redio ilimtaja mara tatu
na baba yake mara moja.
Komeo alitajwa akifanya madhambi.

Tulikuwa na lugha yetu.
Mkono wa kushoto nyuma ya kiuno:
vidole viwili, baki.
Kiganja wazi, toka.
Ngumi, muombe Mungu.

Bao alifunga moja maishani,
nikaliokota mimi wavuni.
Kona, mvua, ugoko wake.
Nilidhani atashika kichwa, atakaa chini.
Akaja kunipa mpira mkononi:
“Hilo langu. Wewe anzisha.”

Goti likakatika kwenye mechi ya kirafiki,
mechi isiyo hata na kikombe cha bati.
Lilitoa mlio wa muwa.
Wiki tano Bombo; kiwanda kikaleta
sukari kilo mbili, na barua.
Mwaka uliofuata kiwanda nacho kikafungwa,
jezi zikaondoka na mlinzi,
na Barabara ya Kumi na Mbili nikamwona muuza kahawa
amevaa tano.
Niliujua ule uzi.
Nikanywa vikombe viwili, nikalipa, nikaenda zangu.

Sasa ni kocha, Makorora,
kiwanja cha mchanga na vigae vya chupa,
kiti chake kreti ya soda.
Watoto thelathini, mawinga thelathini.
Wiki mbili hakuwapa mpira.
Aliwafundisha kusimama.
“Miguu iachane upana wa bega. Kisigino kielee.
Usimtazame usoni, uso una maneno mengi.
Tazama kiuno. Kiuno hakijui kudanganya.”
Mama mmoja akaja juu:
“Mwanangu anafunzwa mpira au kulinda benki?”
Komeo akamsogezea kreti, akae.

Muhidini, mdogo kuliko wote, akauliza:
“Kocha, wewe ulifunga mangapi?”
“Moja.”
“Ulimfunga nani?”
Akanielekeza kwa kidevu, nami nimekaa juu ya tairi.
“Yule pale.”
Walicheka mpaka mazoezi yakavunjika.

Sisemi wote wamefika mbali.
Mmoja anacheza Morogoro. Wawili wako gereji.
Mmoja tulimzika Aprili, miaka kumi na saba, homa tu,
na Komeo alishika jeneza mbele, kulia,
goti likilalama njia nzima.
Watu wakanyoosha mikono kumpokea.
Hakupokelewa.

Jana, fainali ya mitaa.
Tunaongoza moja, wenzetu wamepata kona.
Yeye kwenye chaki, mimi nyuma yake kwenye tairi.
Shati la bluu, halina namba,
na jasho limefika kiunoni,
kwa hiyo sabini imepita.
Muhidini amesimama mbele ya lango,
kisigino kinaelea.

Ndipo mkono wa kushoto ukaenda nyuma.
Hakuna mtoto aliyeweza kuuona.
Kiganja wazi.

Nina miaka sitini na minne na nyonga mbovu.
Hakuna mpira uliokuwa ukija kwangu.
Nikatoka hatua mbili.